Acheni Kuliimba Jembe

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, nina ugomvi nanyi. Nauleta hapa hadharani kwa sababu kule kijiweni nimeshindwa kuumaliza.

Majuma machache yaliyopita tulikutana kama kawaida yetu, hapa Moshi mjini, hatua chache kutoka stendi: watu kumi na wawili, chai ya rangi, kila mtu na karatasi zake mfukoni. Mshikaji mmoja akasimama kusoma. Shairi lake lilikuwa la jembe. Jembe ni mlezi, jembe ni urithi, jembe ni heshima ya Mwafrika, na kadhalika mpaka beti ya kumi na moja. Vina vilikaa, mizani haikupungua hata moja. Tukapiga makofi. Nami nilipiga, kisha nikaitazama mikono ya mshairi. Laini, jamani! Viganja kama vya mtoto aliyeogeshwa sasa hivi. Anasomea uhasibu, na kwa kauli yake mwenyewe mara ya mwisho alishika jembe akiwa darasa la sita, tena kwa adhabu ya kuchelewa namba.

Hapo nikapandwa na hasira, na sitaki kuwadanganya, nusu ya hasira hiyo ilinihusu mimi mwenyewe. Maana shairi hilo nami nimewahi kuliandika. Nilikuwa kidato cha tatu. Langu lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, mwalimu wa Kiswahili akaniita malenga mbele ya darasa, nikavimba kichwa. Likizo ilipofika nikapanda nalo nyumbani Uru nikamsomee mama. Nilimkuta ndiyo kwanza ametoka tambarare, ametua mzigo wa mabua ya ng'ombe, ngata bado iko kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ni zuri, baba. Lakini hilo jembe unalolisifu, mbona hukuniuliza mimi kwanza?"

Sikuwa na jibu. Miaka imepita na bado nalitafuta.

Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze kidogo. Mchagga ana kihamba chake huko juu mlimani, penye migomba na kahawa. Baba aligawia wanawe, wanawe wakagawia wana wao, na leo vihamba vingine vimebaki kama kiwanja cha mpira wa wavu. Humo trekta haliwezi hata kugeuza. Mahindi na maharage yako chini tambarare, mbali, kwenye jua kali. Wanaoshuka huko zaidi ni wanawake. Zamani walishuka kwa miguu alfajiri, wakapanda jioni na mzigo kichwani. Siku hizi kuna daladala, kwa mwenye nauli. Shamba letu ni ekari moja na nusu. Kwa jembe la mkono, mama na dada zangu wawili walilichimba kwa majuma mawili. Trekta hulimaliza shamba hilo hilo kabla sufuria ya maharage haijaiva. Mgongo wa bibi yangu ulikuwa umepinda tangu nilipoanza kumjua, nikadhani ndivyo mabibi walivyoumbwa. Ukubwani ndipo nilipomwona bibi wa rafiki yangu, mke wa karani wa posta, amenyooka kama mlingoti, tena alikuwa mkubwa kwa bibi yangu. Beti yenye mgongo huo iko wapi katika mashairi yenu? Na yangu?

Kweli, hatukuanza sisi. Ukiitazama ngao ya taifa utaona mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Kilimanjaro hii hii, na kwenye ngao yenyewe jembe na shoka vimepishana. Bendera ya CCM ina jembe na nyundo. Azimio la Arusha la 1967 liliweka juhudi na maarifa mbele ya fedha, na Mwalimu Nyerere alirudia mara nyingi kwamba mkulima atoke kwanza kwenye jembe la mkono aingie kwenye plau ya ng'ombe, trekta lije baadaye. Watu wanamkumbuka kana kwamba alilisifu jembe. Wanasahau kwamba alitaka tuliache. Katika miaka ya 2000 mkakati wa serikali wa zana za kilimo ulikadiria kwamba kama asilimia 70 ya eneo linalolimwa nchini lililimwa kwa jembe la mkono, 20 kwa ng'ombe na 10 kwa trekta. Hesabu zimesogea kidogo tangu hapo, lakini jembe bado ndilo lenye nchi.

Sasa mimi nauliza, kwenye ile bendera kuna vitu viwili. Nyundo mmeipeleka wapi? Mashairi ya jembe nimesoma mpaka nimeshiba. La nyundo sijaletewa hata moja.

Kabla hamjaniweka kwenye kundi la waimba trekta, subirini. Nao nina kesi nao.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne tuliuza mbuzi wawili na ndizi za miezi kadhaa, tukaamua kwamba safari hii mama hatainama. Tukalipa nusu ya pesa ya trekta mapema. Mwenye trekta, jina lake nalihifadhi, alikuwa anakaa mbali. Mvua ya kwanza ikanyesha, hatukumwona. Tukapiga simu, "Kesho." Tukapiga tena, "Kesho asubuhi na mapema." Kumbe yuko kwa wenye ekari hamsini, na kwa haki ya biashara hata wewe ungefanya hivyo hivyo. Nani ahamishe trekta na kuchoma dizeli barabarani kwa ajili ya ekari moja na nusu? Akaja siku ya kumi na sita. Dereva akalima juujuu, anaokoa mafuta. Mahindi yakaota, yakafika magotini, mvua ikakata. Tulivuna magunia mawili. Dada yangu aliyekuwa aanze chuo cha ushonaji mwaka ule akakaa nyumbani mwaka mzima, na mchumba aliyekuja katika mwaka huo wa kukaa nyumbani ni habari nyingine ambayo si yangu kuisimulia.

Mama hakulia. Alisema tu kwamba jembe lake halijawahi kumwambia kesho.

Nililichukua neno hilo nikaenda nalo mjini, nikawa nalitafuna kama muwa. Jembe la mama ni la mama. Mpini ukikatika, anakata mwingine uani. Trekta lile lilikuwa la mtu mwingine, lilikuja kwa saa za mtu mwingine, na lilipoharibika katikati ya msimu kifaa chake kilitoka Dar es Salaam kwa basi, likasimama siku nne barabarani watoto wakilipanda. Wachumi wanasema mashine shambani ndiyo mlango wa maendeleo: mtu mmoja analima eneo la watu ishirini, chakula kinashuka bei, mikono inayobaki inaingia viwandani, karakana zinazaliwa, pesa inazunguka. Sibishani nao. Mnyororo huo ni wa kweli na nchi nyingi zimeupitia. Ninachosema ni kwamba huku kwetu mnyororo huo umekatika pingili karibu zote, halafu tunaletewa pingili moja inayong'aa, inapigwa picha, basi.

Historia ya picha hizo ni ndefu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta mabuldoza na matrekta kwa mameli, hata vifaru vya Sherman vilivyotoka vitani vikageuzwa matrekta. Ardhi ya Kongwa ilipokauka ikawa kama saruji, vyuma vikapinda. Kufikia 1951 mpango umekufa na pauni kama milioni 36 zimekwenda na maji. Huo tulifundishwa shuleni tukacheka, Mzungu kashindwa. Mbona ya kwetu hatuyacheki? Mwaka 2009 ikatangazwa Kilimo Kwanza. Serikali ikakopa India dola milioni 40, matrekta zaidi ya elfu moja na mia nane yakaja kupitia SUMA JKT, na miaka iliyofuata jeshi likawa na kazi ya kuwasaka wadaiwa waliochukua matrekta wasirudishe pesa. Halmashauri nazo zikanunua pawatila, nyingine zikaenda kulimia udongo mgumu ambao hazikutengenezwa kwa ajili yake, nyingine zikafungwa tela zikawa za kusomba mchanga. Baadaye yakaja matrekta ya Ursus ya Poland, yakawa yanaunganishwa Kibaha. Wakulima wakalalamikia ubora na vipuri mpaka Bungeni. Mwaka 2021 kampuni yenyewe huko Poland ikatangazwa muflisi. Hebu jiweke katika nafasi ya mkulima mwenye deni la trekta ambalo mama yake aliyelizaa amefariki!

Na kule Basotu, Hanang, mambo yalikwenda kinyume: mashine zilifanya kazi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba saba ya ngano, karibu ekari laki moja, ya kulimwa na kuvunwa kwa mashine tupu. Ngano ilipatikana kweli. Wafugaji wa Kibarabaig waliondolewa kwenye malisho yao, wengine wakaenda mahakamani, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Rufani. Mkate tuliula sisi wa mjini. Nautaja mfano huu kwa sababu huko hakuna kifaa kilichokosekana wala dereva aliyelima juujuu, na bado mtu aliyekuwa pale kabla ya trekta alitoka mikono mitupu.

Sasa twendeni Mabogini. Ni mwendo mfupi tu kwa bodaboda kutoka mjini, na nashangaa sana kwamba sisi waandishi wa Moshi hatuendi. Tunaandika theluji, tunaandika jembe, tunaandika mapenzi ya Facebook. Mabogini tunaijua kwa mchele.

Kati ya 1984 na 1987, kwa msaada wa Japani, ulijengwa pale mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi. Wakaweka mabanio kwenye mito ya Njoro na Rau, wakachimba mifereji, wakasawazisha ardhi na kuikata majaruba ya hekta 0.3 moja moja, Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni, Oria. Mpango mzima ulikuwa hekta 2,300, na katika hizo 1,100 ni za mpunga. Matrekta yakaja ya kulima na kuchavanga. Ikaja mbegu fupi ya IR54. Mavuno yakapanda mpaka tani 6 na zaidi kwa hekta, kiasi ambacho mkulima wa mpunga nchini wakati huo hakukiona hata ndotoni. Mwaka 1994 kikaanzishwa pale Chekereni kituo cha mafunzo cha KATC, na wakulima wa mikoa mingine wakawa wanakuja kujifunza kwa wakulima wa Moshi. Zungukeni na wazee wa pale. Watawaonyesha nyumba za tofali na kuwaambia: ile ni ya mpunga, ile ni ya mpunga, ile ya bati jekundu ni ya mpunga na ng'ombe.

Nilipouliza kwa nini huko trekta lilizaa wakati letu lilizaa magunia mawili, mzee mmoja alinijibu kwa mkono, akachora chini kwa kijiti. Majaruba yako bega kwa bega. Maji yanafunguliwa kwa zamu, kundi hili leo, kundi lile juma lijalo. Trekta likiingia kwenye kundi linalima la mkubwa na la mdogo kwa mfuatano, kwa kuwa maji hayamngojei mtu. Hapo neno "kesho" halina pa kukaa. Ekari ya mjane imekaa katikati ya ekari za wenye nguvu, na trekta haliwezi kuiruka bila kujichelewesha lenyewe. Nimesoma vitabu vingi vya ushairi, lakini mchoro ule wa kijiti umenikaa kichwani kuliko vyote.

Halafu likaja tatizo ambalo hakuna fundi angelitengeneza. Wakulima walio juu ya mabanio waliona wenzao wa chini wanajenga. Nao wakalima mpunga, wakachepusha maji ya mito ile ile kabla hayajafika kwenye mradi. Nani angewalaumu? Babu zao walikuwa wakichimba mifongo mlimani na kugawana maji kwa sheria zao kabla Mzungu wa kwanza hajaiona theluji. Maji yakapungua, na sehemu kubwa ya zile hekta 1,100 ikawa haipati mpunga kila msimu kama ilivyochorwa. Matrekta ya mwanzo nayo yakazeeka. Mradi ulipoondoka wakulima wakabaki na ushirika wao, CHAWAMPU, wahangaike nayo. Kwa hiyo hata Mabogini si peponi. Mto ni ule ule, na trekta halilimi maji.

Siku ile ile nilimkuta mama mmoja kwenye tuta, anakula kiporo, miguu yake myeupe kwa tope lililokauka. Anapandikiza mpunga kwa kibarua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeulizauliza watu?"

Nikamweleza. Nikamwambia kuwa ziko mashine za kupandikiza na za kuvuna, Wajapani wanazo siku nyingi, Wachina wanazo, na hapa Tanzania mashine za kuvunia mpunga zimekwisha kuingia kwenye baadhi ya mabonde. Nilisema kwa furaha, kama nimemletea barua ya posa. Alitafuna, akameza.

"Ni kitu kizuri. Mgongo huu mbovu. Lakini jaruba tunapandikiza wanawake kadhaa, tunagawana. Hiyo ndiyo daftari za watoto wangu, hiyo ndiyo chumvi. Mimi sina jaruba. Mashine ikija, mwenye jaruba ataokoa pesa yake. Mimi utanipeleka wapi?"

"Viwandani, mama," nikasema. Nilisoma hivyo.

"Kiwanda kipi?"

Hebu mjibuni nyie, mimi nilishindwa. Huko Japani kwenyewe, pawatila zilipoenea vijijini miaka ya 1950 na 1960, vijana walikuwa wanaitwa na viwanda mijini, mashamba yanabaki na wazee na wanawake. Mashine ikaingia mahali pa mtu ambaye tayari ana mshahara kwingine. Kwetu kijana ametoka shambani bila kuitwa na mtu. Yuko stendi ya Moshi anauza soksi na chaja za simu, na jioni yuko kijiweni anatunga shairi la jembe. Mashine ya kupandikiza ikija kesho Mabogini itamsukuma yule mama kutoka kwenye tuta hadi kwenye foleni ya wauza soksi.

Kiwanda kipi, eti. Ukitoka Moshi kwenda Arusha, wilayani Hai, kipo kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools. Kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Bulgaria. Hakikuwa cha biskuti wala sabuni. Kilijengwa kitengeneze mashine za kutengenezea vitu vingine: za kukereza vyuma, za kutoboa, za kufanyia kazi za mbao. Yaani nyundo yenyewe ya ile bendera, imewekwa chini ya mlima wetu, kilomita chache kutoka kwenye mahindi na kahawa na mpunga. Kiwanda hicho kikiwa hai, bolti ya trekta haisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam. Kisu cha mashine ya majani kinatoka Hai. Yule mama ana mtoto wa kumpeleka akajifunze ukerezaji. Katika miaka ya 1990 kikasimama, kama vilivyosimama vingi vya umma. Miaka ya karibuni shirika la NDC limekuwa likikifufua, pamoja na kujenga sehemu ya kuyeyushia chuma, na mimi naomba lifanikiwe. Lakini nauliza kitu kimoja: zile nyasi zilipokuwa zinaota uani pale, kwa miaka yote ile, ni mwandishi gani wa Kilimanjaro aliyeandika hata hadithi moja ya kurasa tatu? Kahawa ilipoanguka bei tuliomboleza, na haki tulikuwa nayo. Theluji inapungua, tunaomboleza kwa lugha mbili. Kiwanda cha kutengeneza mashine kimelala miaka na miaka, hakuna aliyetoa chozi. Hakina vina, labda.

Na sasa niseme lile ambalo litawauma kabisa washairi wa urithi. Nendeni soko la Mbuyuni, chukueni jembe jipya, ligeuzeni msome muhuri. Kule Ubungo kilikuwepo kiwanda cha zana za kilimo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikitengeneza majembe na plau. Nacho kikadidimia. Kabla ya ukoloni wahunzi wa Upareni waliyeyusha chuma, wahunzi wa huku mlimani wakakifua, jembe likatoka mkononi mwa mtu mnayemjua jina na ukoo. Leo majembe yanakuja kwa meli, yamefungwa kwa dazani. Urithi wa mababu wenyewe unalipiwa ushuru bandarini! Tumepoteza trekta na jembe kwa pamoja, maana tuliyempoteza ni mhunzi.

Mtanijibu kwamba nawalazimisha mashairi yawe ripoti za wizara. Sivyo. Mashine iliyowahi kukaa vizuri mlimani ipo, na ina ushairi wake kama mnautaka. Ulizeni babu zenu habari za mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ilikaa uani. Watoto walipeana zamu kwenye mpini, maji ya mfongo yakisukuma maganda. Fundi wa kijijini aliijua ndani nje. Kahawa ikashuka hadi mjini kwenye kiwanda cha kukoboa kilichokuwepo tangu 1920, ikapita kwa KNCU iliyoandikishwa 1933, na katika pesa hiyo zikatoka shule ambazo baadhi yetu tumesomea kuandika. Hiyo nayo ni habari ya mashine na uchumi. Ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa ndogo kama kihamba, ilikuwa ya mwenye kihamba, na mwenye kuitengeneza aliishi kwa jirani. Kuna mashine nyingine ambayo hakuna mshairi anayeililia: ya kusaga unga. Mbona hamsemi turudi kwenye kinu na mchi? Kwa sababu dada zenu wangewacheka.

Nilisema haya yote kijiweni, tena kwa sauti ya juu kuliko nilivyoandika hapa. Mshikaji wa shairi la jembe alinuna. Akasema nina wivu. Inawezekana, vina vyake ni vizuri kuliko vyangu. Tukaachana hivyo.

Juma lililofuata mama akapiga simu. Yeye na wanawake wawili majirani walikuwa wamenunua, kwa pesa ya maziwa, mashine ndogo ya kukatia majani ya ng'ombe. Fundi wa mjini aliwatengenezea. Wanalishia ng'ombe wanne, na siku hizi mabua hayamaliziki miguuni mwa ng'ombe kama zamani, kwa hiyo mama anashuka tambarare mara chache zaidi. Kisu kimoja kimekatika. Akasema nikitafute, na nikitoka huko nisipite na karatasi zangu mahali.

Nilizunguka maduka ya vipuri saa tatu. Hakipo, kwa kuwa mashine yenyewe haina kampuni. Nikaishia gereji moja huko Majengo, na njiani nilikutana na yule mshikaji, bado amenuna, lakini hakuwa na la kufanya akanifuata. Fundi alikitazama kile kipande, akaingia nyuma ya gereji, akatoka na springi kuukuu ya lori. Akaanza kuipasha moto. Ilipoiva nyekundu akaiweka juu ya chuma, akatafuta mtu wa kuishika kwa koleo, na aliyekuwa karibu alikuwa mshairi. Akashika. Nyundo ikaanza.

Nilimwona anatoa kalamu kwa mkono wa kushoto, kijidaftari hakijulikani atakiweka wapi. "Fundi," akauliza, "hiki unachofanya hapa kinaitwaje?"

Fundi hakuinua macho. "Shika vizuri kwanza, mdogo wangu."